Mjomba kasema ni usiku mmoja tu: nikate tiketi?

SWALI

Assalamu alaykum shangazi. Mimi ni kijana wa Wete, Pemba, nimemaliza chuo mwaka jana. Nimeitwa kwenye usaili wa kazi Dodoma, Jumatatu ya wiki ya pili ya Julai, saa mbili asubuhi. Mjomba wangu ni nahodha wa jahazi linalopeleka ndizi na nazi Unguja, na tangu nikiwa mdogo namwomba anichukue safari ya usiku. Safari hii kakubali, na ataniandika miongoni mwa mabaharia wake. Tutang'oa nanga Ijumaa baada ya magharibi. Anasema ni usiku mmoja tu, asubuhi tupo Malindi, bandari ya Unguja mjini. Basi nimepanga hivi: Jumamosi boti ya mchana kwenda Dar, jioni treni ya umeme hadi Dodoma, Jumapili nipumzike. Tiketi ya treni nataka kuilipia wiki hii nisije nikakosa nafasi. Mama hataki hata kusikia habari ya jahazi. Naomba unisaidie tuelewane naye.

Kijana wa Wete

JIBU

Wa alaykumu ssalaam mwanangu, na hongera kwa kuitwa. Treni usiilipie kwanza. Malizia kusoma hapa, ndiyo utoe simu yako.

Mimi ni mtoto wa nahodha, na kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kukata tiketi bandarini Malindi. Watu waliopanga kama ulivyopanga wewe nawajua kwa sura. Wanakuja mbio dirishani, nguo zimekauka na chumvi, begi begani, na boti yao imeshatoka. Wengine wanalia. Wengine wanaomba niipigie simu boti irudi.

Mjomba wako hakukudanganya. Wete hadi Malindi ni kiasi cha maili 70 za bahari, na jahazi lenye upepo mzuri hukata maili tano kwa saa bila taabu. Piga hesabu: saa 14. Ukitoka magharibi, saa mbili u nusu asubuhi unafunga kamba. Lakini hesabu hiyo ni ya Kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, ya Januari na Februari, upepo unapokuja nyuma ya tanga na mabaharia wana muda wa kupika na kulala kwa zamu. Wewe unasafiri Julai. Julai ni Kusi, upepo wa kutoka kusini, na Kusi inatoka kule kule unakokwenda.

Tena chini ya upepo kuna mkondo. Pwani yetu hii mkondo mkubwa unakwenda kaskazini mwaka mzima. Kaskazi huupunguza nguvu, Kusi huusukuma. Tuseme mkondo wa maili mbili tu uko usoni kwenu. Zile maili tano zinabaki tatu, na safari ya saa 14 inapita saa 23. Hapo sijatia kubisha, kwa sababu kutoka Pemba kushuka Nungwi, ncha ya kaskazini ya Unguja, tanga lenu litakuwa limebanwa, na Kusi ikihama kidogo tu kutoka kusini mashariki kuja kusini hasa, hamwezi tena kwenda moja kwa moja. Mtakwenda upande mmoja, mgeuze, mwende upande wa pili, na maili 70 zitakuwa 90 au 100. Usiku nao una lake: karibu na ardhi Kusi hulala, mnabaki na upepo mwembamba, na mkondo haulali. Chombo kinaweza kukaa saa mbili nzima mnaitazama taa ile ile ya pwani, haisogei.

Muulize mjomba kama jahazi lina mashine. Siku hizi mengi yanayo, na pengine ndiyo sababu anaongea kwa uhakika namna ile. Ikiwa ipo, muulize tena: anaiwasha safari nzima, au ni ya kuingilia bandarini tu? Mafuta ni pesa, na faida ya ndizi si kubwa. Nahodha akisema "alfajiri inshallah," wewe usiandike saa kumi na mbili kwenye daftari lako.

Jambo jengine ni hilo la kutoka baada ya magharibi. Baba yangu hakupenda kutoka Wete giza limeingia. Alikuwa akitoka alasiri, jua lingali juu, ili apite milango ya miamba kwenye visiwa vya Fundo akiiona rangi ya maji. Alisimama tezini, nyuma ya chombo, kana, ule mpini wa usukani, ameibana kwapani, mkono mmoja juu ya macho, na kijana mmoja amemweka omo, mbele kabisa. Maji ya buluu nzito alikuwa hayasemei kitu. Yakianza kugeuka kijani, kijana wa omo ananyoosha mkono kushoto au kulia, hasemi neno, na baba anasukuma kana kwa kiuno. Jua likizama chombo kimeshatoka nje, kuna kina, na hapo ndipo alipokuwa akikaa na kuomba kahawa yake. Mjomba wako anaijua njia yake kuliko mimi, sina shaka, lakini wewe hukupata kuiona ikipitwa. Ukitoka mchana utaiona, na hiyo peke yake inatosha kuwa safari.

Mbele ya hapo ni Mkondo wa Nungwi. Unguja imekaa juu ya maji mafupi, mlango huu wa bahari baina ya bara na Unguja kina chake si kikubwa. Pemba imesimama peke yake na mlango wake na bara una kina cha mita mia kadhaa. Unapovuka baina ya visiwa hivi viwili unatoka kwenye bahari moja unaingia nyengine, na mawimbi ya Kusi yanapokutana na mkondo pale Nungwi hayaji kwa mstari. Yanakuja huku na kule. Ngama, kule chini ya chombo maji yanakokusanyika, inajaa, na zamu ya kufua maji inakuwa ya kila mtu, akiwemo kijana aliyemaliza chuo. Mkishaipita Nungwi, Tumbatu ikawa kushoto kwenu, kisiwa kinawakinga na bahari inatulia. Watu wengi hulala hapo. Halafu mnafika mjini, mnakuta maji yamekupwa. Siku za bamvua, za maji makubwa, maji yetu hupanda na kushuka karibu mita nne, na majahazi hayaingii yanapotaka yenyewe, huingia maji yakiruhusu. Saa tatu, nne nyengine hizo, umekaa juu ya ndizi, unaziona boti za Dar zinatoka.

Sasa itazame ratiba yako. Jumapili umeiita siku ya kupumzika, na kumbe ndiyo akiba yako yote. Jahazi likichelewa nusu siku, boti ya mchana imekwenda, treni ya jioni imekwenda, na Jumapili inaingia umekaa Malindi na tiketi mbili ambazo zimekufa. Bado una bahari ya kuvuka na nchi kavu hadi Dodoma, na huna hata usiku mmoja wa kulala vizuri kabla ya kukaa mbele ya watu watakaokuuliza maswali.

Na vyeti? Kwenye usaili utatakiwa vyeti halisi. Unavipandisha jahazini, kwenye ngama na chumvi? Kwa hili mimi na mama yako tuko pamoja kabisa.

Lakini safari yenyewe siikatai, mwanangu. Naitaka uifanye. Vijana wa Pemba wanaojua kushika kana wanapungua kila mwaka, na mjomba anayekubali kumfundisha mpwa wake si wa kumwachia. Ninachokuambia ni kuigeuza: nenda kwa meli, rudi kwa jahazi.

Kurudi, Kusi hiyo hiyo inakuwa ubavuni na mgongoni, na mkondo uliokuwa unakuzuia unakubeba. Tano na mbili ni saba, na 70 kwa saba ni saa kumi. Mkitoka Malindi magharibi, Nungwi mtaipita kabla ya usiku wa manane, na mtakuwa nje ya Wete kabla hakujapambazuka. Tena kwa mwendo huo mjomba itambidi apunguze au angoje nje mpaka mwanga upatikane ndiyo aingie baina ya miamba, na utaiona ile milango asubuhi, jua likitoka upande wa kisiwani. Mabaharia hawatakuwa wamechoka, utafundishwa. Wala hakuna tiketi inayokungoja. Jahazi likichelewa siku mbili, anayekungoja ni mama, na chakula chako atakifunika.

Ya kwenda ipange hivi, na uipange kuanzia mwisho. Jumatatu saa mbili asubuhi uko Dodoma: basi Jumapili mchana uwe umeshafika, umeoga, umekwenda kulitazama jengo la usaili liko wapi. Kwa hiyo treni yako ni ya Jumapili asubuhi, au ya Jumamosi jioni ukiipata. Treni ya haraka kutoka Dar hadi Dodoma ni kiasi cha saa tatu na nusu, na tangu ianze 2024 watu wanaikimbilia, siku za mwisho wa wiki nafasi huisha mapema. Hiyo ndiyo tiketi ya kulipia wiki hii, lakini ulipie tarehe na saa za mpango huu mpya. Jina liandike kama lilivyo kwenye kitambulisho chako, herufi kwa herufi. Nimeona watu wakirudishwa kwa sababu ya jina la babu.

Boti ya Unguja kwenda Dar inachukua kiasi cha saa mbili, na stesheni ya treni haiko mbali na gati la Dar, lakini usizifunge zikagusana. Panda boti ya Jumamosi asubuhi, na kama treni yako ni ya Jumapili, ulale Dar. Na hapa nishike sana, maana ndiyo kazi yangu: boti ya mwisho ya siku usiifanye yako. Ukipanga ya kwanza ikakupita, ipo ya pili. Ukipanga ya mwisho ikafutwa kwa upepo, na Julai zinafutwa, huna kitu. Treni hali kadhalika. Na ukikosa zote, kuna mabasi ya Dodoma kutoka stendi ya Magufuli, Mbezi, ila hayo yanataka karibu siku nzima ya mchana, kwa hiyo uamuzi wa kuyakimbilia ufanye asubuhi.

Pemba kuja Unguja panda meli ya Alhamisi. Ikiwa Alhamisi kuna jambo, una Ijumaa. Ndege ya Chake ipo pia, nusu saa tu, lakini mizigo hupimwa na bei unaijua, hiyo iweke kwa dharura.

Kabla hujalipa popote, uliza mambo mawili dirishani: tiketi hii inabadilishwa tarehe, na mwisho wa kuibadilisha ni lini? Watu huuliza bei tu. Mwenye tiketi ya kubadilishika akituambia mapema, tunambadilishia na anaondoka na tabasamu. Akija chombo kimeshatoka, hata nikimwonea huruma sina la kumfanyia. Basi ukiona safari inaharibika, usianze kumpigia rafiki yako kumhadithia. Piga kule mwisho kwanza, kule ambako saa haibadiliki. Waandikie wa usaili, kisha treni, kisha boti.

Nirudi kwa mama. Usimwambie "hajui mambo ya bahari." Mama wa Pemba anayajua. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya Spice Islander I ilizama pale pale Nungwi ikielekea Pemba, imejazwa watu na mizigo kupita kiasi, na misiba iliingia nyumba nyingi za huko kwenu. Haujapita mwaka, tarehe 18 Julai 2012, ikazama boti ya Skagit karibu na kisiwa cha Chumbe. Julai, mwanangu, na upepo ni huu huu. Akisikia "usiku" na "Nungwi" na "Julai" kwenye sentensi moja, hayo ndiyo yanayomjia. Mpe majibu. Mkalishe na mjomba waongee, wewe ukiwepo, na yeye aulize: jahazi lina kibali? Jaketi okozi zipo ngapi, na mabaharia wangapi? Taa ya usiku inawaka, maana meli na boti hupita njia hiyo hiyo na jahazi lenye giza halionekani? Utabiri wa bahari wa Mamlaka ya Hali ya Hewa ameusikiliza, na wakitangaza mawimbi makubwa atakubali kungoja? Nahodha mzuri hachukii maswali haya. Akichukia, nami ningekuwa upande wa mama.

Umesema atakuandika miongoni mwa mabaharia. Vizuri, na iwe kweli, jina lako liwe kwenye karatasi ya chombo, na ufanye kazi. Jahazi la mizigo si chombo cha abiria, na mtu asiyeandikwa, Mungu apishe mbali, hakuna anayejua kuwa alikuwemo. Mwachie mama saa mliyotoka Malindi, na mkubaliane saa ambayo, akiwa hajasikia kitu, atakwenda kwa KMKM, kikosi cha Zanzibar cha kuzuia magendo baharini, kutoa habari. Katikati ya maji usitegemee simu. Iweke imezimwa ndani ya ndoo yenye kifuniko pamoja na nguo kavu, uiwashe mkikaribia nchi.

Usiku huo kula kidogo, ukae katikati ya chombo, usikae omo. Mjomba akikupa kana, usiangalie dira muda wote. Chagua nyota iliyo juu ya ncha ya foromali, ule mti unaobeba tanga, uifuate, na dira uitazame kila baada ya muda kwa sababu nyota nazo zinatembea. Shavu lako likihisi upepo umehama, mwambie papo hapo. Hata ukiwa umekosea, mwambie.

Na usaili Mungu akufanyie wepesi. Uniandikie matokeo.

SWALI

Shangazi, mimi nipo Chake. Mwanangu wa miaka sita ana kliniki hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, asubuhi, na meli ya usiku inatufikisha alfajiri ya siku hiyo hiyo. Safari iliyopita alitapika usiku kucha, tukafika hata kusimama hawezi, daktari akashindwa kumpima vizuri. Nifanyeje?

Mama wa Chake

JIBU

Pole sana dada. Usafiri usiku mmoja kabla. Najua maana yake ni kulala mjini na ni gharama, lakini mtoto aliyetapika saa nane akipimwa asubuhi ile ile, hata joto na uzito wake havitasema kweli, na mtarudishwa kuja tena, na hiyo ni nauli mara mbili. Kama huna pa kulala, ipigie simu kliniki uombe kuingia mwisho wa foleni, ueleze kuwa mnatoka Pemba kwa meli. Kuomba si aibu.

Melini wahi mapema, upate nafasi ya katikati na ya chini, mbali na harufu ya jiko na mashine, umlaze chali. Usimpe maziwa wala chapati ya mafuta kabla ya kupanda. Mkate mkavu na ndizi vinatosha. Dawa ya kichefuchefu ipo madukani, lakini kwa mtoto wa miaka sita muulize mfamasia, umtajie umri na uzito wake, na umwambie anakwenda kumwona daktari kesho yake na dawa gani nyengine anatumia. Usimgawie nusu ya kidonge chako. Akitapika, mpe maji kidogo kidogo kwa kijiko, asinywe kikombe kizima kwa pupa, na bandarini ukishuka mnunulie dawa ya maji ya chumvi na sukari, ile ya pakiti, aanze kunywa kabla hamjapanda daladala.